Mpaka Shingo Ikaze

2 Aprili

Nesi Nekoye ameniambia niandike. "Dakika ngapi, mara ngapi kwa siku. Ukirudi utanisomea." Nimenunua daftari hili nikitoka kliniki. Alitaka namba tu, lakini namba bila watu sizijui kuziandika.

Mtoto ametimiza wiki sita leo. Dada yangu Gentrix naye ametimiza wiki sita tangu atutoke. Alimzaa saa mbili asubuhi, akamshika, akaniambia, "Muhonja, ona masikio yake," kisha damu ikakataa kusimama. Kufikia saa nane mchana tulikuwa na mtoto bila mama.

Kule matangani Lugari, nyumbani kwa mume wake, mtoto alipitishwa mikononi mwa watu kama chungu ambacho hakijachomwa. Tulipomleta hapa Amalemba, Kakamega, mimi na Mama tukaendelea hivyo hivyo: mikononi, au chali kitandani. Hakuna aliyethubutu kumgeuza. Leo nesi amepitisha kiganja kisogoni mwake, akanitazama juu ya miwani.

"Huku nyuma kumekuwa bapa kama sahani. Mnamlalishanga tu hivi?"

"Ndiyo."

"Usingizi, sawa, alale kwa mgongo. Hiyo usibadilishe hata siku moja. Lakini akiwa macho mgeuze alale kwa tumbo, na wewe uko hapo, humwachi. Dakika mbili, tatu, mara tatu kwa siku. Kila wiki unaongeza."

Akamgeuza palepale juu ya leso. Mtoto alisugua pua chini, akanuna, akalia. Nilimnyakua. Nesi akaangalia saa yake.

"Sekunde arobaini. Na aliyeshindwa si yeye."

Kuna jambo sikumwambia. Siku ya mazishi, Mzee Lusweti, baba mdogo wa Willis mume wa Gentrix, alisimama kando ya hema akasema: "Mtoto ni wetu na atakua kwetu. Lakini shingo ya mtoto mchanga si kitu cha kusafiri nacho. Akae na kukhu yake wa Kakamega mpaka shingo ikaze, ndipo tuje." Kukhu ni bibi. Mama akaitikia kwa kichwa. Nami niliitikia, siku ile ningeitikia chochote.

Kwa hiyo kila dakika nitakayoiandika humu ni hatua moja ya kumpeleka kwao. Nimelielewa hilo nikiwa bado kwenye benchi la kliniki, na nimemfunga leso ya pili ingawa hakukuwa na baridi.

3 Aprili

Dakika moja, mara tatu. Alilia zote tatu.

5 Aprili

Dakika moja na nusu, mara tatu.

Mama anashona sare za shule sebuleni, cherehani yake iko dirishani. Nilitandika mkeka karibu na miguu yake, nikamlaza mtoto kifudifudi. Cherehani ikanyamaza.

"Huyo ni mtoto ama ni mjusi?"

"Nesi amesema, Mama."

"Nesi amezaa wangapi?"

"Wanne."

Akafikiri kidogo. "Mimi niliwabeba mgongoni, mkakaza shingo huko huko mgongoni. Hakuna aliyewapiga chini."

"Umekuwa ukimbeba huyu mgongoni?"

Akaanza tena kushona. Anajua, nami najua, kwamba hajamfunga mgongoni hata mara moja. Anasema ni kiuno. Mgongo ule mara ya mwisho ulimbeba Gentrix, na nadhani anaogopa kuhisi uzito uleule.

6 Aprili

Dakika mbili, mara tatu. Jumapili. Mama Jescah, mamake Willis, alipiga simu alipotoka kanisani. Hakusalimu sana.

"Shingo iko aje?"

"Bado, Mama."

"Haya."

Akakata. Sauti yake ni kama ya karani anayeulizia faili.

9 Aprili

Nimegundua kosa langu. Nilikuwa nikimweka chini halafu nasimama juu yake kama mlinzi. Leo nililala chali mimi mwenyewe, nikamlaza kifuani pangu, tumbo lake juu ya mfupa wangu. Akatulia. Kichwa kikainuka, labda kimo cha kidole kimoja, kikayumba, kikaanguka shingoni pangu. Akainua tena. Alikuwa anatafuta sauti inatoka wapi. Dakika nne bila kulia.

Mvua ilianza saa tisa kama kawaida yake. Juu ya bati hakuna linalosikika, kwa hiyo niliimba kwa nguvu, na vibaya, na hakuna aliyejua ila yeye.

10 Aprili

Dakika tatu, mara nne.

13 Aprili

Dakika tatu, mara nne. "Shingo iko aje?" "Bado, Mama." "Haya."

16 Aprili

Sasa mkekani. Nalala kifudifudi mbele yake, uso kwa uso, shavu langu chini. Dunia ya pale chini siijui tangu utotoni: vipande vya uzi wa bluu, pini, miguu ya Mama ikikanyaga pedali. Namwita, "Baba. Baba, niangalie." Hatuna jina la kumwita. Jina litatoka kwao, na kijitabu cha kliniki bado kinasema "Mtoto wa Gentrix". Mama ndiye aliyeanza kumwita Baba, na mimi nikafuata.

Anatoa sauti fulani anapojaribu, ya mtu anayefungua mlango uliovimba kwa mvua. Halafu kichwa kinapanda.

Nilisoma miaka minne chuo kikuu. Nimeandika tasnifu juu ya mbegu za miti ya msituni na muda zinaochukua kuota. Sijawahi kungoja kitu hivi.

20 Aprili

Pasaka. Dakika tano, mara nne. Bado, Mama. Haya.

26 Aprili

Mvua iliacha saa kumi jioni, jua likatoka, na kumbikumbi wakatoka ardhini nao. Mama alitega beseni chini ya dirisha huku akicheka. Sijamsikia akicheka tangu Februari. Nikamlaza mtoto mkekani ili nimsaidie Mama kufunga mlango, nikarudi nikalala mbele yake. Kumbikumbi mmoja alikuwa amedondosha mabawa na anatembea juu ya mkeka, mbele kabisa ya pua yake.

Mtoto akamwona. Kichwa kikapanda. Hakikuyumba. Akamfuata kwa macho kutoka kulia hadi kushoto, kidevu juu, viwiko vimejikita chini, mpaka yule mdudu akaingia chini ya cherehani. Nilihesabu: sekunde ishirini na mbili.

"Mama! Njoo uone!"

Mama akaja na beseni mkononi. Tukasimama pale tukimtazama mtu mdogo aliyeshika kichwa chake mwenyewe. Kisha Mama akasema, polepole, "Sasa ameanza."

Tukatazamana. Akaenda kukaanga kumbikumbi, hakucheka tena.

27 Aprili

Jumapili.

"Shingo iko aje?"

"Bado, Mama."

"Haya."

Ni maneno yale yale ya kila wiki. Leo tu hayakuwa kweli.

30 Aprili

Kliniki, chanjo ya wiki kumi. Nimemsomea Nesi Nekoye namba zangu zote. Alimshika mtoto mikono, akamvuta taratibu akae, na kichwa kikafuata kwa kuchelewa kidogo tu.

"Umefanya kazi, mama."

"Mimi si mamake."

"Najua. Nimesoma kijitabu. Nimesema umefanya kazi." Akamchoma sindano, akampangusa machozi. "Wiki nne zijazo huyu atakuwa ameshika kichwa kama chifu."

Wiki nne. Nilitembea kutoka kliniki hadi nyumbani, nikawakataa watu wa boda boda wote, ili nifike nikiwa nimechelewa.

1 Mei

Dakika kumi, mara nne.

3 Mei

Dakika kumi, mara nne.

4 Mei

Dakika kumi, mara nne. Mama Jescah. Bado.

7 Mei

Dakika kumi na mbili, mara nne. Mvua ya mawe. Majirani walitoka na sufuria kuokota barafu. Mimi nilikaa kitandani na mtoto mikononi mpaka ikaisha.

8 Mei

Dakika kumi na mbili, mara nne. Wamenipigia kutoka Sigalagala. Wanataka mtu wa kufundisha kwa muhula mmoja kule politekniki. Nimesema sina nafasi.

11 Mei

Dakika kumi na mbili, mara tano. Bado, Mama. Haya.

14 Mei

Willis amekuja bila kutuma habari. Anaendesha trekta mashamba ya mahindi huko Lugari, na wiki hii mashamba yamelowa mno. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, matope mpaka magotini, mkate na maziwa kwenye mfuko.

Siku zote nimemwona kuwa mtu dhaifu. Matangani hakumtazama mtoto hata mara moja, na hilo sijamsamehe.

Mama akamwekea mtoto mapajani bila kumuuliza. Willis alimshika kama anavyoshika mtu kitu cha moto. Kichwa cha mtoto kikaanguka nyuma. Akakidaka kwa kiganja.

"Bado ni laini," alisema.

"Bado," nikasema.

Akashusha pumzi. Nilidhani ni huzuni, halafu nikaona ni nafuu.

"Mama anauliza kila siku. Mimi sijui nitamweka wapi. Nguo za Gentrix bado ziko kwa msumari. Siwezi kuzishusha na siwezi kuziangalia." Akaweka kidole chake kikubwa chenye grisi kwenye sikio la mtoto, hakuligusa hasa. "Haya masikio. Ndiyo maana mimi sikumwangalia siku ile, shemeji. Ulinikasirikia, niliona."

"Nilikukasirikia."

"Hata mimi nilijikasirikia."

Alikula ugali na mrenda, akaondoka kabla ya mvua. Alipofika langoni akageuka. "Anaangalia chini tu. Hajaniangalia usoni. Ananiogopa?"

"Amechoka," nilisema.

18 Mei

Dakika kumi na tano, mara tano. Bado, Mama.

21 Mei

Dakika kumi na tano, mara tano.

25 Mei

Dakika kumi na tano, mara tano. Leo Mama Jescah hakukata simu. "Kwetu huwa miezi mitatu inatosha," alisema. Nikasema watoto hawafanani.

28 Mei

Nitaandika yote leo.

Kliniki ya wiki kumi na nne. Mama alikuja nami, kwa mara ya kwanza. Nesi Nekoye akaniambia nisome, nikasoma: kumi mara nne, kumi na mbili mara tano, kumi na tano mara tano. Sauti yangu ilikuwa thabiti. Nilisoma kama nilivyokuwa nikisoma matokeo ya utafiti wangu mbele ya maprofesa.

Akamshika mtoto mikono, akamvuta. Kichwa kikabaki nyuma. Akamlaza, akamvuta tena. Kikabaki. Akamgeuza kifudifudi, mtoto akalaza shavu chini, akatulia hapo kama mtu aliyekwisha kata tamaa. Nesi akapiga makofi kushoto, kulia. Akamulika macho. Akapima mzunguko wa kichwa kwa utepe mara mbili, akafungua kijitabu nyuma mpaka ukurasa wa kuzaliwa.

"Alilia alipozaliwa?"

"Alilia," nikasema.

"Mara moja? Ama walimsaidia kupumua?"

"Alilia mara moja. Nilikuwepo."

Akavua miwani. Hakunitazama mimi, alimtazama Mama, kwa upole ambao ulinitisha kuliko ukali wake wote.

"Mama, mwezi uliopita huyu mtoto alikuwa anapanda. Sasa amerudi nyuma. Kama hangekuwa anafanyiwa mazoezi ningesema ni hiyo. Lakini dada amefanya saa nzima na zaidi kila siku, nimesikia namba. Mtoto anayefanyiwa kazi hivyo na anarudi nyuma, hiyo hatuchezi nayo. Nitawaandikia barua, mwende kwa daktari wa watoto, waangalie kichwa. Inaweza kuwa ubongo."

Mama aliweka mkono mdomoni. Sauti iliyotoka nyuma ya mkono ule niliijua. Niliisikia tarehe kumi na tisa Februari, saa nane mchana, kwenye korido.

Nesi alikuwa amekwisha andika jina langu na neno "mlezi" juu ya karatasi.

"Ni uongo," nikasema.

"Nini?"

"Namba. Zote tangu tarehe moja Mei. Sikumlaza chini hata dakika moja."

Mtoto wa mtu alikuwa akilia kwenye foleni nje.

"Hata moja?"

"Nimembeba mikononi. Akilala, chali. Nilikunja mkeka nikauweka juu ya kabati."

"Kwa nini?"

Nikasema yale ambayo sikuyasema Aprili: hema, Mzee Lusweti, mpaka shingo ikaze. Nilisema kwa Kiswahili kilichopangwa vizuri, na katikati kikaniishia. Nesi Nekoye alichana ile karatasi mara mbili, akaitupa, akaniambia maneno haya. Nayaandika kama yalivyo ili nisiyapunguze.

"Mimi nimeona watu wakinyima mtoto chakula kwa umaskini. Nimeona wakimnyima dawa kwa dini. Wewe umemnyima sakafu kwa mapenzi. Kwa shingo yake yote ni moja." Kisha, "Rudi baada ya wiki mbili. Akiwa hajapanda, barua nitaandika, na safari hii sitachana. Na usiniletee daftari. Nitamuuliza yeye."

Tulirudi nyumbani kwa miguu, Mama mbele. Alisimama tulipofika mlangoni.

"Nilikuwa najua," alisema akiwa amenipa mgongo. "Niliona mkeka juu ya kabati. Nilikuwa naufuta vumbi na kuurudisha."

Nimeishi na mwanamke huyu miaka ishirini na minne. Nilidhani ameshapita zile siku za kulia, kwamba cherehani imemponya. Kumbe tulikuwa wawili kwenye wizi huu, kila mmoja akimwachia mwenzake asiutaje.

Nimeushusha mkeka. Dakika moja. Alilia, kama siku ya kwanza. Nami nililia, uso wangu karibu na wake, na hakuwa na namna ya kujua kwamba ninamlilia yeye.

29 Mei

Dakika moja, mara sita. Hizi ni za kweli.

31 Mei

Dakika mbili, mara sita. Mama amemfunga mgongoni, kwa leso ya Gentrix, akazunguka uwanja mara tatu. Aliporudi alikuwa amelowa machozi mpaka kidevuni, akasema ni manyunyu.

1 Juni

"Shingo iko aje?"

"Tulirudi nyuma, Mama. Kosa ni langu. Tumeanza upya."

"Umesema ukweli," Mama Jescah alisema. Kisha, "Haya." Haikuwa haya ya siku zote.

4 Juni

Dakika nne, mara sita. Kichwa kimo cha vidole viwili.

8 Juni

Dakika saba, mara sita.

11 Juni

Kliniki. Nesi alimlaza juu ya leso bila kuniuliza chochote, akaniashiria nikae mbali, karibu na mlango. Mtoto akasugua pua. Akainua. Akamtazama nesi usoni, akamtemea mate kidogo.

"Huyu hajui kudanganya," nesi alisema, akapangusa shavu lake. Kisha akanigeukia. "Umekonda."

15 Juni

Dakika kumi, mara sita.

Mama Jescah hakuuliza shingo leo. Aliuliza, "Na wewe unakula?"

Tangu Februari hakuna aliyeniuliza hilo akangoja jibu.

"Nataka uelewe kitu, binti yangu. Simchukui kwa sababu simwamini mamako. Kaburi la Gentrix liko nyuma ya jikoni yangu, mimi ndiye ninapaliliaga. Nikiwa nimeinama pale nafikiria: huyu mtoto akikulia mbali, ataletwa hapa akiwa mkubwa, aonyeshwe kaburi la mamake kama mgeni. Amesimama na viatu vyake vya mjini, hajui mahali pa kukanyaga. Mimi nataka ajue kutambaa hapo. Acheze hapo. Asiogope."

Mvua ilikuwa imeanza upande wao kwanza. Niliisikia kwenye simu kabla haijafika kwetu.

Zaidi ya miezi miwili nimemwita mwanamke huyu karani moyoni mwangu.

18 Juni

Dakika kumi na mbili, mara sita. Anainua kifua pia sasa.

22 Juni

"Njooni, Mama," nikamwambia Mama Jescah kabla hajauliza.

"Jumamosi," akasema.

23 Juni

Dakika kumi na tano, mara sita.

25 Juni

Nimefua nguo zake zote na hazikauki.

27 Juni

Dakika kumi na tano, mara sita. Baada ya ile ya sita nilibaki sakafuni.

28 Juni

Walikuja watatu: Mama Jescah, Willis na Mzee Lusweti. Mama alikuwa amechinja ingokho, yule jogoo mwekundu aliyekuwa anatuamsha, na Mzee Lusweti alipoona sahani akasema, "Sasa nani atawaamsha kesho?" Mama akajibu, "Kesho hatuna cha kuamkia." Hakuna aliyecheka. Mzee akaangalia chini, akaomba maji ya kunawa.

Walikula. Waliongea juu ya mbolea, juu ya viwavi kwenye mahindi. Mtoto alikuwa amekunywa maziwa na macho yalikuwa mazito. Nilitamani alale.

Mama Jescah ni mfupi kuliko nilivyomkumbuka, na magoti yake yamevimba. Alijipangusa mikono kwa kanga, akasema, "Tumwone basi."

Nikatandika mkeka. Nikamlaza kifudifudi. Nikarudi nikaketi kwenye stuli karibu na ukuta, nikaweka mikono yangu chini ya mapaja.

Mama Jescah aliinama kutoka kwenye kiti. "Eeh, mjukuu. Eeh, mwanaume."

Mtoto akalaza shavu chini.

Willis akaita. Sauti yake ilikatika. Mzee Lusweti akagonga fimbo sakafuni, mara mbili, tatu. Mtoto akasugua pua kwenye mkeka, akahema, akatulia. Usingizi, watu wapya, tumbo limejaa. Nilijua sababu zote tatu, na hakuna mwingine pale aliyezijua.

"Bado," Mzee Lusweti alisema, si kwa ubaya. "Mnaona? Bado. Tulisema mpaka shingo ikaze, na neno ni neno. Basi tutarudi baada ya mavuno. Oktoba, Novemba hivi."

Nilimsikia Mama akivuta pumzi na kuishikilia. Willis aliangalia kofia yake. Mama Jescah alikuwa amenikazia macho mimi. Nilikuwa nimemwambia kwa kinywa changu waje, na sasa alikuwa anasubiri kuona nitafanya nini na maneno yangu.

Novemba. Angekuwa anakaa. Angekuwa na meno. Huenda angekuwa ananiita kitu.

Nilihitaji tu kukaa kimya. Sikuhitaji kusema uongo hata mmoja.

Ndipo nikaisikia ile sauti yake, ya mlango uliovimba. Alikuwa hajalala. Alikuwa anajaribu. Kisogo kilitikisika, kikapanda kidogo, kikaanguka, na paji la uso likagonga mkeka. Akajaribu tena upande wa pili. Hakuwa anawakatalia. Alikuwa ananitafuta mahali ninapokuwa siku zote, chini, mbele yake, na sikuwepo.

Nikaondoka kwenye stuli. Mbele ya wakwe, na sketi yangu ya kanisani, nikalala kifudifudi sakafuni, shavu chini.

"Baba," nikasema. "Baba, niangalie."

Kichwa kikapanda. Kikapanda mpaka nikaona shingo yake yote, mikunjo yake na ukoga wa maziwa ambao nilisahau kuufuta, na kifua kikafuata, na akasimama hapo juu ya viwiko vyake akanitazama, akacheka kwa ufizi mtupu. Hakuyumba. Alikaa hivyo muda mrefu kiasi kwamba Mzee Lusweti aliweka fimbo yake chini.

"Imekaza," alisema.

Hakuna aliyenisaidia kusimama, nami nashukuru.

Kabla hawajaondoka Mama Jescah alitaja jina: Simiyu, kwa kuwa alizaliwa kiangazi. Nililirudia mara moja. Willis alimpokea kwa mikono miwili, na safari hii mtoto alimtazama usoni, na Willis akaukubali uso ule, masikio na yote. Mama aliwafungia leso ya Gentrix. Gari lilipopinda kona, mimi na Mama tulibaki langoni kama watu wanaongoja gari lingine.

29 Juni

Sifuri.

30 Juni

Sifuri. Mama hajagusa cherehani.

2 Julai

Simu, saa nne asubuhi. Si Jumapili.

"Muhonja. Huyu mtoto nikimweka chini kwa tumbo analia tu. Siku nne sasa. Nimeita mpaka sauti imeniisha. Wewe ulikuwa unafanya nini?"

Nilikaa kitandani. Ningeweza kusema mrudisheni. Neno hilo lilikuwa tayari kinywani.

"Umesimama, Mama?"

"Nimekaa kwa kiti."

"Hawezi kukuona. Shuka chini."

"Na haya magoti?"

"Shuka polepole. Shika kiti."

Nilisikia kiti kikikwaruza, nikamsikia akiguna, akimtaja Mungu kwa Kibukusu. Nilimsikia mtoto.

"Niko chini."

"Lala kabisa. Kifudifudi. Shavu kwenye mkeka, uso wako karibu na wake."

"Mimi mzee hivi? Watu wakiingia?"

"Lala, Mama."

Kilio kilikuwa karibu sana na simu sasa.

"Usimguse. Ngoja akitoa sauti kama ya mtu anayesukuma mlango. Akiitoa, mwite. Sauti ya chini."

"Nimwite nani? Ulikuwa unamwita Baba."

Nje watu walikuwa wakipita kwenda sokoni. Jua lilikuwa kali, mvua zimekwisha.

"Mwite kwa jina lake," nikasema.

Kilio kilipungua. Nikaisikia ile sauti. Kisha Mama Jescah, kwa sauti ambayo sikujua anayo, "Simiyu. Simiyu, niangalie."

Nilishikilia simu kwa mikono miwili. Halafu huko Lugari, sakafuni, mwanamke mzee akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, akanisahau kabisa.

Nilisikiliza kidogo zaidi, kisha nikakata.